Jiberelini imeamsha mbegu za tofaa, lakini miwati na pichi zimegoma: ni nini hasa kinachoshikilia usingizi wa mbegu za miti?

Kitalu_Njombe aliuliza:

Wanajukwaa, naomba maelezo zaidi kuliko dawa, kwa sababu dawa tayari ninayo na ndiyo iliyonichanganya. Nina kitalu kidogo nje ya mji wa Njombe. Kazi yangu kubwa ni miche ya parachichi ya kubebesha, lakini msimu huu nimepata wateja wanaotaka matofaa na mapichi, na jirani yangu mwenye shamba la miti ameniomba nimwoteshee miwati. Parachichi halijawahi kunisumbua: kokwa likitolewa kwenye tunda na kufukiwa katika mchanga wenye unyevu, hupasuka na kuchipua lenyewe bila kubembelezwa. Ni hizi mbegu nyingine tatu zilizonionyesha kwamba kuna jambo silijui.

Nilisoma kwamba mbegu za miti hulala usingizi kwa sababu ya homoni, na kwamba homoni iitwayo jiberelini huziamsha. Nikanunua kifuko cha gramu 1 kwenye duka la pembejeo, nikakiyeyusha katika lita moja ya maji (kuyeyuka kwenyewe kulikuwa kwa shida, unga mwingine ulibaki ukielea), kisha nikaloweka humo kwa saa 24 mbegu za tofaa, mbegu za miwati na makokwa mazima ya pichi. Leo ni wiki ya tano. Mbegu za tofaa zimeota karibu nusu, lakini miche yake ni mirefu, myembamba na iliyopauka, na kadhaa imekwisha kulala chini. Miwati iliyoota ni ya kuhesabu kwa vidole, na nikifukua zile ambazo hazijaota nazikuta ngumu, nyeusi na zinazong'aa vilevile kama siku niliyozipanda. Pichi haijaota hata moja.

Swali langu ni hili: ikiwa homoni ndiyo inayolaza na homoni ndiyo inayoamsha, kwa nini dawa ileile, siku ileile, imefanya kazi kwa mti mmoja na kushindwa kwa miwili? Na hiyo miche ya tofaa iliyorefuka kama mimea ya kivulini, je, ni ugonjwa au ni dawa?

Mbegu_Morogoro alijibu:

Ndugu wa Njombe, bila kukusudia umefanya jaribio zuri sana, kwa kuwa miti uliyoichagua hailali kwa namna moja. Tunasema mbegu imelala, au ni bwete, pale inapokuwa hai lakini haioti hata ikipewa maji, hewa na joto linalofaa. Neno ni moja, ila sababu zake ni kadhaa, na homoni ya dukani hugusa baadhi yake tu.

Nianze na miwati, ambayo maelezo yake ni mafupi. Mbegu ya mwati, kama zilivyo mbegu za migunga mingi na za miti mingine mingi ya jamii ya mikunde, haikuzuiwa na homoni bali imefungiwa maji nje. Safu ya juu ya ganda lake ina seli ndefu zilizosimama na kubanana kama fito za ua, nazo zimejaa vitu visivyopitisha maji. Maji yasipoingia, kiinitete (mmea mchanga ulio ndani ya mbegu) hakipati habari yoyote kutoka nje, na jiberelini uliyoiyeyusha katika maji hayo imebaki mlangoni pamoja nayo. Ndiyo maana ulizikuta ziking'aa: baada ya wiki tano ardhini zilikuwa bado kavu ndani. Zile chache zilizoota yamkini ganda lake lilikwaruzwa wakati wa kupura, na zingeota hata kwa maji ya mvua. Kwao Australia, joto la moto wa nyika hufungua sehemu ndogo iliyo karibu na kovu la mbegu, iitwayo lenzi, na maji hupitia hapo. Kitaluni tunaiga joto hilo kwa maji yaliyochemka na kuondolewa motoni: yamimine juu ya mbegu, ujazo wake uwe mara tano au zaidi ya ujazo wa mbegu, kisha uziache zipoe humo hadi kesho yake. Zilizovimba zipande, zisizovimba uzirudie. Usizichemshe juu ya moto, maana hapo utakuwa umepika.

Tofaa na pichi ni habari nyingine. Magamba yake hupitisha maji. Hata kokwa la pichi, ambalo kwa macho ni jiwe, hupitisha maji polepole. Liloweke siku mbili, livunje, utaikuta mbegu ya ndani imelowa. Usingizi umo ndani ya mbegu yenyewe, na hapa ndipo homoni zinapotawala.

Homoni inayolaza ni asidi ya abisisiki. Wakati tunda linakomaa, kiasi chake ndani ya mbegu hupanda, nacho hufanya kazi zaidi ya moja: husaidia mbegu kujaza akiba ya chakula, huiandaa kuvumilia kukauka, na huizuia isiote ikiwa bado ndani ya tunda lenye maji tele. Umuhimu wa kizuizi hiki huonekana pale kinapokosekana. Kuna aina za mahindi zenye hitilafu ya kurithi zisizoweza kutengeneza homoni hii, na punje zake huota zikiwa bado kwenye gunzi shambani. Jina lake, kwa bahati mbaya, linapotosha. Miaka ya 1960 timu moja Marekani ilikuwa ikitafuta kitu kinachoangusha vitumba vya pamba, na nyingine Wales ilikuwa ikitafuta kitu kinacholaza machipukizi ya miti. Mwaka 1965 ikathibitika kwamba wote wawili walikuwa wameshika kitu kimoja. Jina lililobaki ni lile la kuanguka kwa viungo vya mmea, ingawa baadaye ilionekana kwamba katika kuangusha majani homoni kuu ni ethilini. Waliosema ni homoni ya usingizi walikuwa karibu zaidi na ukweli.

Jiberelini huvuta upande wa pili. Ndani ya seli za kiinitete kuna protini za breki zinazoitwa DELLA, ambazo huzuia ukuaji. Jiberelini ikinasa kwenye kipokezi chake (kiligunduliwa katika mpunga mwaka 2005), breki hizo huvunjwavunjwa na seli hupata ruhusa ya kurefuka. Pia huamsha vimeng'enya vinavyolainisha endospemu, yaani tabaka la akiba ya chakula lililo mbele ya kizizi, ili kizizi kipenye. Kwa hiyo ndani ya mbegu iliyolala usifikirie swichi moja ya kuwasha na kuzima. Kuna mvutano wa pande mbili, na mbegu huota pale upande wa jiberelini unapouzidi ule wa asidi ya abisisiki.

Kinachobadilisha mizani hiyo porini, kwa miti ya nchi za baridi kama tofaa na pichi, ni majira ya baridi. Mbegu iliyolowa ikikaa wiki nyingi katika baridi, vimeng'enya vya kuvunja asidi ya abisisiki hufanya kazi, utengenezaji wa jiberelini huongezeka, na lililo kubwa kuliko yote, tishu zenyewe hupunguza usikivu wake kwa homoni ya kulaza na kuongeza usikivu kwa ile ya kuamsha. Watu wengi huliruka jambo hili la usikivu. Kuna mbegu ambazo asidi ya abisisiki hushuka ndani yake hata zikiwekwa kwenye unyevu wa joto, na bado haziamki; kipimo cha homoni peke yake hakitoshi kueleza usingizi. Ulipotia jiberelini kwenye tofaa ulisukuma upande mmoja wa mizani bila kuugusa ule mwingine. Mbegu zilizolala kidogo ziliamka, zilizolala fofofo zikabaki.

Kuhusu pichi, makokwa yalikuwa mazima, kwa hiyo kiasi cha dawa kilichofika ndani kwa saa 24 kilikuwa kidogo sana. Na hata kingefika, sehemu kubwa ya kizuizi cha pichi imo kwenye utando wa kahawia unaoifunika mbegu ndani ya kokwa. Watafiti walipima asidi ya abisisiki kwenye utando huo tangu mwaka 1966. Umeigongea pichi milango miwili iliyofungwa.

Bustani_Lushoto alijibu:

Kaka, huyo wa Morogoro amemaliza upande wa elimu. Mimi nitakueleza lililonikuta, kwa kuwa huku Usambara mapichi ni ya siku nyingi na kosa langu naona watu wengi wanalirudia.

Mwaka wa kwanza niliambiwa mbegu za pichi zinataka baridi. Nikaosha makokwa, nikayaanika vizuri, nikayatia kwenye kopo kavu lenye kifuniko na kuliweka kwenye jokofu kwa miezi mitatu. Nilipoyapanda sikupata kitu. Nilimlaumu aliyeniuzia, kumbe mbegu kavu haihesabu siku za baridi. Kiinitete lazima kiwe kimekwisha kunywa maji ndipo kazi ya ndani iendelee, kwa sababu kuvunja homoni moja na kutengeneza nyingine ni kazi ya vimeng'enya, na vimeng'enya havifanyi kazi pakavu. Kopo langu lilikuwa ghala zuri la kuhifadhia usingizi.

Siku hizi nafanya hivi. Naloweka makokwa siku mbili nikibadilisha maji, nayabana kwenye jiriwa la seremala upande wa mshono mpaka yalie (nyundo huponda mbegu nyingi), natoa mbegu bila kuvua utando, kisha nazichanganya na mchanga wa mto uliooshwa na kulowana kiasi kwamba ukiukamua kwa mkono hautoi tone. Natia kwenye mfuko wa nailoni wenye matundu machache na kuuweka sehemu ya chini ya jokofu, mbali na barafu. Kila wiki nafungua ili hewa iingie na kutoa zilizoota ukungu. Matofaa yangu huwa tayari kati ya wiki 8 na 12. Pichi huomba muda mrefu zaidi, na naziona ziko tayari pale ncha nyeupe ya kizizi inapoanza kuchungulia humohumo kwenye baridi. Umeme ukikatika kwa saa chache usihangaike. Ukikatika siku nyingi na mfuko ukapata joto, sehemu ya kazi iliyokwisha kufanyika inaweza kurudi nyuma.

Kuna jambo jingine la kushangaza kuhusu pichi. Mwaka wa pili nilikuwa na haraka, nikavua kokwa na utando wote, nikapanda kiini kitupu bila baridi. Ziliota! Lakini miche ilikuwa vibeti: majani yalijikusanya juu ya shina fupi kama kabichi lililonyauka, na haikuinuka kwa miezi. Nilidhani ni virusi.

Mbegu_Morogoro alijibu:

Dada wa Lushoto, vibeti hivyo havikuwa na virusi. Hilo ni tukio mashuhuri katika elimu ya mbegu, na limeandikwa tangu miaka ya 1930. Kuvua magamba kuliondoa kizuizi cha kuota, lakini kiinitete hakikuwa kimepata baridi, kwa hiyo ncha ya shina iliendelea kulala wakati mzizi umekwisha kuamka. Mche wa namna hiyo ukipuliziwa jiberelini, au ukipewa kipindi cha baridi, pingili zake hurefuka na kuwa za kawaida. Hii ni mojawapo ya hoja zilizowafanya wanasayansi waamini kwamba sehemu ya kazi ya baridi ni kuiwezesha mbegu itumie jiberelini yake yenyewe.

Kahawa_Mbozi alijibu:

Ninasoma kwa makini, nami naomba niweke onyo kabla msomaji mwingine hajakimbilia dukani akidhani jiberelini ni maji ya uhai kwa kila mbegu ya mti. Mimi ni mkulima wa kahawa na nina kitalu. Mbegu ya kahawa haina haraka. Mara nyingi huchukua wiki sita hadi nane kujitokeza. Kwa kuona uvivu huo nikaamua kuiharakisha kwa dawa hiihii, kiasi hichohicho cha gramu 1 kwa lita. Tuta lililolowekwa kwa maji matupu liliota kama kawaida, na tuta la dawa likawa na mapengo ya kuaibisha. Nilirudia msimu uliofuata na matokeo yakawa yaleyale.

Nimekuja kujua baadaye kwamba jambo hili limechunguzwa vizuri: utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba jiberelini ikitiwa kutoka nje kwenye mbegu za arabika huzuia kuota, na baadhi ya seli za kiinitete hufa. Ajabu yenyewe ni kwamba kahawa inahitaji jiberelini yake ya ndani ili iote. Ukiizuia isitengenezwe, mbegu haioti. Kwa hiyo homoni ileile ni ya lazima kwa kiasi chake na ni sumu ikizidi. Tangu hapo nimerudi kwenye kumenya ganda la nje la mbegu kwa mkono, kuloweka kwa maji safi na kutafuta mbegu mbichi za msimu uleule. Kahawa haina usingizi mzito kama wa tofaa. Iko polepole tu, na uzee wake huja mapema.

Kitalu_Njombe aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimekwisha kumimina maji ya moto kwenye sehemu ya miwati iliyobaki, na asubuhi zaidi ya nusu zilikuwa zimevimba na kupoteza ule mng'ao. Nimebaki na maswali mawili. La kwanza ni lile la miche ya tofaa iliyorefuka. La pili: huku Njombe mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi kweli, na tunakoka moto ndani. Je, siwezi kuacha mbegu nje kwenye mchanga wenye unyevu zikapata baridi ya bure, badala ya kulipia umeme wa jokofu?

Mbegu_Morogoro alijibu:

Miche yako ya tofaa haiumwi. Imelewa. Na kwa kweli jiberelini yenyewe iligunduliwa kupitia miche ya namna hiyo. Wakulima wa mpunga wa Japani waliujua tangu zamani ugonjwa wa miche inayorefuka kupita kiasi, ikapauka, ikaanguka bila kuzaa, nao wakauita kwa jina lenye maana ya mche mpumbavu. Mwaka 1926, Eiichi Kurosawa, aliyekuwa akifanya kazi Taiwan, alionyesha kwamba ukichuja majimaji ya kuvu anayesababisha ugonjwa huo na kuyatia kwenye miche mizima, nayo hurefuka vilevile ingawa kuvu mwenyewe hayumo. Miaka ya 1930 Teijiro Yabuta akakipa kitu hicho jina la jiberelini, kutokana na jina la kuvu. Unga ulionunua, kwa uwezekano mkubwa, umetokana na kuvu wa aina hiyohiyo waliofugwa kwenye mapipa. Ukitia gramu 1 kwa lita, yaani miligramu 1,000, umefika ukingoni mwa juu kabisa wa viwango vinavyotumika kwa mbegu. Kwa tofaa ningeanza na miligramu 100 na nisizidi 500. Unga huo hauyeyuki kwa urahisi kwenye maji, kwa hiyo uyeyushe kwanza kwa matone machache ya spiriti kisha uongeze maji. Ulipouacha ukielea, baadhi ya mbegu zilipata nyingi na nyingine kidogo, na pengine ndiyo sababu miche yako haikulingana.

Tena, jiberelini si kitu kimoja. Ni ukoo wenye zaidi ya aina 130 zinazojulikana, na ni chache tu kati yake ambazo mmea huzitambua kama homoni. Ile ya vifukoni kwa kawaida ni ya tatu katika orodha, GA3, wakati mbegu ya tofaa huitikia vizuri zaidi GA4 na GA7. Usiitafute hiyo nyingine, ni ghali bila sababu. Baridi itaifanya mbegu ijitengenezee yenyewe ile inayoifaa, kwa kiasi inachokitaka, na haitakupa miche milevi. Kwa miche iliyokwisha kuota, ihamishie kwenye viriba, fukia shina lake kidogo zaidi ya kawaida, ipe mwanga wa kutosha na upunguze maji, kwa sababu mashina laini namna hiyo hushikwa na kinyausi (ugonjwa wa kuoza shina la mche karibu na udongo) haraka. Athari ya dawa hupungua kadiri mche unavyokua.

Kuhusu baridi ya bure: wazo si baya, na usiku wa Njombe katika miezi hiyo hushuka chini ya nyuzi 10, tena kwenye mabonde barafu huonekana asubuhi. Tatizo ni mchana. Baridi inayofaa mbegu za tofaa ni kati ya nyuzi 1 na 10 hivi, na bora kabisa ni karibu na 5, kwa mfululizo. Jua la saa nane mchana likiupasha mchanga hadi nyuzi 18 au 20, mbegu iliyokuwa nusu ya safari hurudi nyuma, na tofaa lina tabia ya kuingia usingizi wa pili likipata joto kabla ya kumaliza deni lake la baridi. Likiingia usingizi huo wa pili, siku za baridi huanza kuhesabiwa upya. Ukitaka kujaribu, fukia mfuko chini kwenye kivuli cha kudumu, upande usiopata jua, na uweke kipimajoto humo. Lakini mbegu mia mbili za tofaa hazijazi hata bakuli. Zitakaa kwenye jokofu la nyumbani kando ya maziwa bila kuongeza gharama yoyote ya maana.

Mkoko_Rufiji aliuliza:

Samahani kwa kuingia kati. Huku kwetu deltani mti wa mkoko haulali kabisa: mche huning'inia juu ya mama yake kama maharage marefu mpaka uanguke matopeni. Hiyo asidi ya kulaza imekwenda wapi?

Mbegu_Morogoro alijibu:

Swali lako linahusika moja kwa moja, mzee wa deltani. Mikoko ya namna hiyo imefikia kwa maumbile yake ya kawaida kile ambacho kwa mahindi ni hitilafu. Watafiti waliopima mikoko inayoota ikiwa mtini walikuta kiinitete chake kina asidi ya abisisiki kidogo kuliko tishu za mama zinazokizunguka, na hakipiti kile kipindi cha kukauka ambacho mbegu ya tofaa au mwati hukipita kabla ya kuachana na tunda. Mti unaoangusha watoto wake kwenye tope lenye maji kupwa na kujaa hauna faida ya kulaza mbegu ikisubiri mvua.

Ndugu wa Njombe aone na hapa: parachichi lake liko karibu na upande huo. Halioti mtini, lakini nalo halikauki wala halina usingizi wa maana, na ndiyo maana huota bila kubembelezwa na hufa likianikwa. Mtu akikuletea makokwa ya parachichi yaliyokaa juani wiki mbili na hayaoti, usiyatie homoni. Hayo hayajalala, yamekufa.

Bustani_Lushoto alijibu:

Hapo kwenye kutofautisha aliyelala na aliyekufa ndipo fedha za wengi zinapopotelea. Mimi kabla ya kutia chochote nachukua mbegu ishirini, nazikata katikati kwa wembe. Iliyo hai ni nyeupe au ya maziwa, imejaa, ina unyevu. Iliyokufa ni ya kahawia, au imekunjamana, au ni tupu. Kisha nyingine mia moja nazipima kwenye mizani ndogo ya dukani, naziloweka usiku kucha, nazifuta na kuzipima tena. Zisipoongezeka uzito, shida ni ganda, nami nachukua msasa, kikatia kucha au maji ya moto. Zikiongezeka uzito na zikakatwa zikaonekana hai lakini hazioti, hapo najua shida ni ya ndani, na ndipo nafikiria baridi au homoni. Kwa kipimo hicho dada mwenzangu wa Soni aliokoa gunia la migunga lililokuwa linakwenda kutupwa.

Kahawa_Mbozi alijibu:

Naongeza moja: mbegu za kulinganisha. Kila unapojaribu dawa, acha fungu moja la maji matupu. Bila tuta langu la maji nisingejua kamwe kwamba dawa ndiyo iliyoniharibia. Ningesema mbegu za mwaka huo zilikuwa mbaya.

Kitalu_Njombe aliandika, wiki 13 baadaye:

Nimerudi kutoa taarifa kama nilivyoahidi baadhi yenu kwa ujumbe. Miwati ya maji ya moto imekwisha kwenda kwa jirani, na sikuhitaji tone la homoni. Mbegu za tofaa niligawa mafungu matatu: baridi peke yake wiki kumi, baridi wiki tano kisha jiberelini miligramu 200 kwa lita, na maji matupu bila baridi. Fungu la baridi ya wiki kumi limeota kwa pamoja ndani ya siku chache na miche ni mifupi, minene, ya kijani. Fungu la katikati limeota vizuri pia, ingawa miche imerefuka kidogo. Lile la maji matupu lina miche minne tu.

Pichi bado ziko kwenye mfuko. Jana nilipofungua nikazikuta sita zimetoa ncha nyeupe, tatu zimeoza na zilizobaki zimenuna. Hizo sita nimezipanda moja kwa moja kwenye viriba na ncha ikiangalia chini. Nyingine nimezirudisha chini ya jokofu, na nimemkataza mke wangu kuuhamisha mfuko ule hata akikosa nafasi ya nyama.